Mashahidi Mia Tatu na Kamera Moja

Melkior Mlay, mgombea ubunge, alikuwa amelala chali katikati ya uwanja wa soko huko Kirua Vunjo, koti lake zito limefungwa vifungo vyote na kofia ya kampeni bado iko kichwani. Kwa mbali ungesema kachoka na hotuba, kaona ajinyooshe kidogo. Ukisogea, ungeona nyasi chini ya ubavu wake zimebadilika rangi.

Inspekta Wenseslaus Shirima alifika saa kumi na moja kasoro robo, Jumamosi, ukungu umeanza kushuka kutoka msituni. Viti vya plastiki vilikuwa vimepinduka, ndala zimetapakaa hazina wenyewe. Aliambiwa watu wasiopungua mia tatu walikuwepo mgombea alipoanguka, naye akafurahi moyoni. Mashahidi mia tatu, mchana kweupe! Alidhani usiku huohuo atakuwa ameshafunga jalada na kwenda kulala. Masikini, hakujua.

Shahidi wa kwanza aliona bastola nyeusi. Wa pili aliona bunduki ndefu, ile ya kuwindia nguruwe pori. Wa tatu, mwalimu mstaafu mwenye miwani safi kabisa, aliapa kwamba mpigaji alikuwa juu ya pikipiki. Wa nne akasema pikipiki gani, mtu mwenyewe alikuwa kwa miguu, tena anachechemea. Kila mmoja alitia chumvi yake. Lakini mambo mawili waliyasema wote kwa kauli moja, hata walipotenganishwa wasisikilizane: risasi ilisikika kutoka kwenye migomba iliyo kando ya uwanja, na kabla ya hapo hakuna mtu aliyemkaribia mgombea.

"Una hakika?" Inspekta alimuuliza Mzee Eliufoo, mkubwa wa wazee wa pale, aliyekuwa amesimama hatua tano tu kutoka kwa marehemu.

"Nina hakika."

"Hata wa kumpa mkono?"

"Mikono alishamaliza. Alisimama peke yake."

Koplo Doris, msaidizi wa Inspekta, aliandika maelezo ya watu thelathini na mmoja mpaka kiganja kikafa ganzi. Kati yao mmoja tu alikwenda kinyume na wenzake. Hilda Mtui, mjane wa miaka hamsini na minane kutoka Kilema, alisema alikuwa mbele kabisa, alimwona Melkior akianguka, na hakusikia risasi yoyote. Doris alichora alama ya kuuliza pembeni, akaandika: masikio?

Halafu kulikuwa na Fredy Kessy. Huyu alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, katibu wa vijana wa chama pinzani, na umati ulimkamata wenyewe, viganja vyake vimejaa damu. Polisi walimwokoa akiwa amebakiwa na nusu ya shati na jino moja pungufu. Wiki iliyotangulia alikuwa amejirekodi kwenye simu, mtaalamu wa maneno, akisema kwamba safari hii Melkior hatamaliza kampeni. Video ile ilikuwa imeshazunguka wilaya nzima.

Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa hakutaka hadithi ndefu. Alitaka jalada liwe mezani kwa Wakili wa Serikali Jumanne saa nane mchana, Fredy asomewe shtaka la mauaji kabla wafuasi wa vyama viwili hawajaanza kuchomeana nyumba. Adhabu ya shtaka hilo kila mtu anaijua. Ni kitanzi.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Inspekta alisimama na daktari pembeni ya mwili.

"Risasi umeitoa?"

"Hakuna risasi."

"Imetokea upande wa pili?"

"Afande, hakuna tundu la risasi. Hiki ni kisu. Chembamba, kirefu, kimeingia chini ya mbavu kikapanda juu. Pigo moja."

"Aliyepigwa hivi anaweza kubaki amesimama?"

"Sekunde chache. Tuseme kumi, akiwa na nguvu. Damu nyingi imebaki ndani, na nyingine imenywewa na koti."

Inspekta alitoka pale hajui ashike lipi. Watu thelathini wamesikia risasi ambayo haipo. Kuna kisu ambacho hakuna aliyekiona, na kimeshikwa na mtu ambaye hakuna aliyemwona akisogea. Miaka kumi na minane ya upolisi, na hajawahi kuona ushahidi mwingi namna ile usiofaa kitu.

Jumatatu Doris aliingia kwenye ile migomba akatoka na maganda ya karatasi yaliyoungua. Zilikuwa fataki. Vijana wawili wa kampeni ya Melkior mwenyewe walikiri kwamba walizilipua bila kibali ili kumpamba mgombea wao amalizapo hotuba. Basi bastola, bunduki ya nguruwe na pikipiki vyote vikafa siku hiyohiyo. Inspekta alimpigia mkuu wake akidhani habari ile itampa nafasi ya kupumua. Mkuu akasema vizuri sana, kama ni kisu ndiyo rahisi zaidi, kwani ni nani aliyekutwa na damu mikononi?

Fredy aliletwa kutoka mahabusu, shavu limevimba.

"Ulifuata nini kwenye mkutano wa wapinzani wako?"

"Kurekodi ahadi zake. Nizijibu jioni. Simu yenyewe wameivunja."

"Ulisimama wapi?"

"Nyuma yake kidogo, kulia."

"Kisu umetupa wapi?"

"Sina kisu, afande. Nilimwona anayumba, nikamdaka. Nilidhani ni moyo."

"Kabla ya kuyumba, nani alikuwa mbele yake?"

Kijana alifumba macho, akafikiri kweli.

"Hakuna mtu," alisema.

Inspekta aliweka kalamu chini. Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Muuaji angetaja mtu, yeyote yule, hata wa kubuni. Angeshika hata unyasi ajiokoe. Huyu kijana kafungua mlango wa kitanzi kwa mkono wake mwenyewe, maana kama hakukuwa na mtu mbele, basi aliyebaki ni yeye. Alimrudisha ndani akiwa na hakika moja isiyoandikika kwenye jalada: Fredy anasema kweli. Na kama anasema kweli, basi Melkior kachomwa na upepo.

Ilibaki kamera.

Kampeni ilikuwa imemkodi Mzee Jayant, mpigapicha wa mjini Moshi, mwenye studio aliyoachiwa na baba yake. Alizaliwa mjini palepale, na kwa miaka arobaini alikuwa amepanda mlimani karibu kila wiki kurekodi harusi, komunyo na mazishi, mpaka anajua ni padri gani anahubiri kwa kirefu na ni ukoo gani unachelewesha chakula. Siku ile alisimamisha kamera yake nyuma ya gari la wazi, juu ya vichwa vya watu, na kila kitu kilikuwa mle ndani kuanzia wimbo wa kwanza.

Jumanne saa tatu asubuhi Inspekta alikuwa studio kwa mara ya tatu tangu Jumapili. Alimwamkia mzee, mzee akaitikia na kuagiza chai ya maziwa, wakaketi mbele ya kioo cha kompyuta. Inspekta alikuwa na daftari lake na maneno yaleyale aliyoyaandika mara zote. Melkior anamaliza hotuba. Anashuka jukwaani. Anapeana mikono na wazee. Anabaki peke yake. Fataki zinalia, kamera inatikisika, watu wanalala chini. Kamera inatulia: Melkior yuko chini, Fredy amepiga magoti juu yake.

Waliitazama. Wakairudia. Inspekta aliomba sauti izimwe, halafu akaomba iongezwe. Alichora mchoro wa uwanja, akaufuta, akauchora tena. Jambo moja jipya alilipata, nalo likazidi kumvuruga: kabla fataki hazijalia, Melkior alikuwa ameshashika tumbo. Kwa hiyo alikuwa ameshachomwa wakati watu wote bado wamesimama wima wanamtazama. Mia tatu wanamtazama, kamera inamtazama, na hakuna mtu.

Saa tano ikapita.

"Inspekta," Mzee Jayant alisema, "nataka kukwambia jambo, ila usinikasirikie."

"Sema tu, mzee."

"Tangu Jumapili tumeitazama hii mara ishirini na zaidi. Kila tukifika hapa, kabla ya fataki, wewe unatazama kikombe."

"Kikombe gani?"

"Cha chai. Na kama hakuna chai, unatazama viatu vyako."

Inspekta alitaka kucheka. Mzee hakucheka. Alirudisha picha nyuma kidogo akaiachia, na safari hii Inspekta alijichunga mwenyewe kama anavyomchunga mtuhumiwa. Melkior anamaliza kupeana mikono. Kutoka kwenye mstari wa mbele anatoka mwanamke mwenye kilemba cha bluu, isale mikononi. Na kweli, Inspekta aliyahisi macho yake yakishuka yenyewe, bila ruhusa yake, mpaka kwenye sahani ya kikombe.

Kwa asiyejua, isale ni jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba ya ukoo, na huku mlimani ndilo jani la kuombea msamaha. Mtu akikujia na isale mkononi, hata kama alikuchomea nyumba, humfukuzi. Nyumbani kwa kina Shirima, Tarakea, watoto walifunzwa kwa kofi kwamba mwenye isale akipiga magoti, waliopo wanainamisha macho mpaka amalize, kwa sababu aibu yake si ya kutolewa macho. Inspekta alipigwa kofi hilo akiwa na miaka sita. Lilikuwa bado linafanya kazi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umemwona ukampuuza. Wewe uliniuliza habari za Fredy tu." Mzee Jayant alivua miwani. "Siku ile niliona uwanja mzima unainama kwa pamoja. Nikajua ndiyo heshima yenu. Mimi kazi yangu hainiruhusu kuinama."

Waliipeleka picha polepole, hatua kwa hatua. Mwanamke anapiga magoti. Melkior, mwanasiasa, anajua kamera iko wapi. Anatabasamu, anainama kupokea. Fungu la majani liko kati yao. Kiwiko cha mwanamke kinarudi nyuma kidogo, kisha kinasukuma mara moja kwenda mbele na juu, kama mtu anayefungua mlango uliokaza. Basi. Mkono wa Melkior unamshika bega. Mwanamke anainuka taratibu, anarudi mahali pake kwenye mstari wa mbele. Mgombea anabaki amesimama, majani ameyakumbatia tumboni, tabasamu bado liko usoni limesahauliwa. Watu wanaanza kuinua macho. Fataki zinalia.

Inspekta aliomba picha isimame kwenye uso wa yule mwanamke, akafungua maelezo thelathini na moja aliyoyaandika Doris. Uso ule alikuwa ameuona Jumamosi, mtulivu, unasubiri zamu yake ya kuhojiwa. Hilda Mtui, mjane, Kilema. Ndiye peke yake aliyesema hakukuwa na risasi. Alijua, kwa sababu kisu alikuwa nacho yeye.

Alimpigia mkuu wake akamwomba jalada lisogezwe mpaka jioni. Mkuu aliuliza kama ana muuaji mwingine mkononi. Inspekta akasema anakwenda kumchukua. "Saa nane, Wenseslaus," mkuu akasema, na simu ikakatwa.

Njiani walisimama Kirua kwa Mzee Eliufoo, maana Inspekta alitaka kuhakikisha jambo moja. Walimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Mzee, shikamoo. Jumamosi uliniambia hakuna aliyemkaribia Melkior."

"Marahaba. Hakuna."

"Na mama aliyeleta isale?"

Mzee alimtazama kama anayeulizwa swali la kitoto. "Huyo alikuja na isale," alisema. "Sasa huyo unamhesabuje?"

"Majani yake yako wapi? Hatukuyakuta chini ya mwili."

"Niliyaokota mimi. Isale haikanyagwi. Askari wako mwenyewe alinipisha."

Doris aliyekuwa kwenye usukani alikaza macho mbele barabarani. Yeye ndiye aliyempisha. Kielelezo cha kwanza cha kesi kilikuwa kimeondolewa mbele ya macho ya polisi, kwa adabu zote, kikapelekwa kulazwa chini ya mgomba. Mzee Eliufoo alikuwa ameanza kuelewa anachoulizwa. Panga lilimponyoka, akakaa juu ya rundo la majani, akasema kwamba kama ndivyo, wasimwandike, kwa sababu kuanzia leo ni nani mlimani atakayethubutu kupokea isale ya mwenzake? Inspekta aliomba majani aliyoyaokota mzee, akayapata yamekaukiwa na damu, akayatia kwenye mfuko wa vielelezo.

Saa sita na nusu walikuwa Kilema. Kihamba cha Hilda kilikuwa kidogo na safi, kahawa imeanikwa kwenye kitanda cha wavu mbele ya nyumba, naye alikuwa anaichambua kwa vidole. Hakushtuka. Inspekta alimwamkia, akaitikiwa.

"Mama Hilda, unajua kilichotuleta?"

"Najua. Mmechelewa."

Inspekta alimwonya kama sheria inavyotaka, kwamba halazimishwi kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na kuweza kutumika mahakamani. Hilda alisema ameelewa. Waliketi kwenye benchi, karatasi juu ya goti la Inspekta.

"Kisu kiko wapi?"

"Jikoni. Ni kisu changu cha kuchinjia mbuzi. Nimekiosha."

"Ulikwenda Kirua kwa nia ya kumuua?"

"Ndiyo."

"Fredy unamjua?"

"Simjui. Jumapili nilikuja kituoni kwenu kwa ajili yake. Nilimwambia askari wa mezani nataka kusema habari za Melkior. Akaniuliza kama niliiona bunduki. Nikasema hapakuwa na bunduki. Akaniambia mama, nenda nyumbani ukapumzike, mashahidi tunao wengi." Aliokota punje mbovu akaitupa. "Jumatatu nikaja tena. Ilikuwa hivyohivyo."

Inspekta aliyaandika hayo pia, ingawa mkono haukutaka. Kisha akauliza kwa nini.

Hilda alieleza bila haraka. Miaka tisa iliyopita Melkior alikuwa diwani, na aligeuza maji ya mfongo, mfereji wa ukoo, yaende kwenye shamba lake la chini. Mume wake, Anaeli, alisimama mkutanoni akamwita mwizi mbele ya watu. Wazee wakaona mambo yatakuwa makubwa. Wakamwambia Anaeli ukweli anao, lakini kiongozi hatukanwi hadharani, apeleke isale yaishe. Anaeli alikuwa mtu wa kusikia wazee. Akapeleka. Akapiga magoti uwanjani na watu wote wakainamisha macho. Melkior akaipokea isale kwa mikono miwili, wakanywa mbege, pombe ya ndizi, kata moja, akasema yamekwisha.

"Siku ya tatu gari la polisi likaja kumchukua. Wakasema amevunja mfereji wa serikali na amechochea watu. Mimi nilikuwa nalia hapa mlangoni, majirani wamejaa pale kwenye ua. Unajua walifanya nini?"

Inspekta alikuwa anajua.

"Waliinamisha macho," Hilda alisema. "Hakuna aliyeleta isale siku ile. Hakuna aliyepiga magoti. Ila waliinamisha macho vilevile, kila mmoja, mpaka gari likaondoka. Siku ya kumi na moja nikaletewa maiti kutoka mahabusu, wakasema ni kichomi. Nilimwendea Melkior nikamwuliza, ulipokea isale ya mume wangu au hukupokea? Akasema isale ni mambo ya kizamani."

"Ndiyo maana ukaitumia."

"Nilitaka aione tena. Na nilitaka nijue kama kati ya watu wale wote kuna hata mmoja atakayenitazama. Angenitazama mtu mmoja, afande, nisingeweza."

Doris aligeuka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Inspekta alimwita arudi, akamwagiza achukue kisu jikoni, kisha apige simu kwa mkuu: jalada la Fredy lisiende kokote, muuaji amepatikana na amekiri. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Walimsikia Doris akirudia maneno kwenye simu mara mbili, halafu akasema asante afande, na kwamba kijana atatolewa jioni hiyo. Hilda alifumba macho kidogo, akashusha pumzi.

Kazi ilikuwa imekwisha. Inspekta alibakiza kusoma maelezo na kuchukua saini.

"Hujaniuliza ni nani aliyekuja na lile gari," Hilda alisema.

"Si lazima kwa kesi hii, mama."

"Walikuwa watatu. Wawili walikuwa wakubwa. Wa tatu, dereva, alikuwa konstebo, mwembamba kuliko ulivyo sasa."

Inspekta hakuelewa mara moja. Aliinua kichwa. Mwanamke alikuwa anamtazama usoni, bila hasira yoyote, kama anayetazama mtu aliyemsubiri kwa muda mrefu akafika.

Miaka tisa iliyopita Wenseslaus Shirima alikuwa konstebo dereva, ni kweli. Aliendesha gari kwenda kila kona ya mlima, mara nne kwa wiki, mara tano, akachukua watu aliotumwa kuwachukua. Nyumba zote zilikuwa na migomba, ng'ombe, mwanamke anayelia mlangoni. Alijaribu kumkumbuka Anaeli na hakupata uso. Alikitazama kihamba, ua, benchi alilokalia. Hakuna kilichomwambia ndiyo, hakuna kilichomwambia siyo. Siku tatu alikuwa amepima macho ya watu kwa kamera. Hapa hapakuwa na kamera.

"Mama, inawezekana umenifananisha," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mashahidi wake wote.

"Alikuomba arudi ndani avae viatu. Ukamwambia hatutachukua muda."

Uso haukuja. Lakini miguu ilikuja: miguu miwili mitupu juu ya sakafu ya bati, nyuma ya gari, ina udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo, na vidole vimekunjwa kwa baridi. Aliiona kwenye kioo cha dereva kila alipokata kona, mpaka akakigeuza kioo kidogo juu asiione.

Doris alikuwa amerudi na kisu ndani ya mfuko, amesimama, haelewi kwa nini wanatazamana. Inspekta angeweza kusema hakumbuki. Nusu yake ingekuwa kweli, na hakuna binadamu ambaye angeweza kumpinga. Angeweza kuikunja karatasi pale ilipofikia, kesi ikasimama bila neno moja zaidi.

"Niandike?" aliuliza.

"Kama umeona, andika."

Aliandika, kwa kauli ya mtoa maelezo kama utaratibu unavyotaka: Gari lililomchukua mume wangu liliendeshwa na konstebo ambaye sasa ndiye afande anayeandika maelezo haya. Mume wangu aliomba viatu akanyimwa. Aliweka nukta, akaongeza chini jina lake lote, na namba yake ya kazi ya wakati ule. Halafu akampa Hilda karatasi na kalamu. Hilda akaisoma yote kwa sauti ya chini, neno kwa neno, huku Inspekta Wenseslaus Shirima akimtazama, kisha akatia saini.